Nani Alikalia Kiti cha Nahodha?

"Nani alikalia kiti changu?" niliuliza.

Kinyozi aliinua macho akaanza kuichunguza dari kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Mwalimu alizipanga dadu zake mstari mmoja, akazipangua, akazipanga tena. Barafu alikuwa ameinama chini ya meza akitafuta kifungo ambacho sote tulijua hakikuanguka.

"Nauliza kwa mara ya pili. Jumamosi iliyopita sikuwepo. Nani alikalia kiti changu akasema kwa mdomo wangu?"

Mbele yangu, juu ya meza ya kukatia nguo, daftari la safari lilikuwa wazi. Mwandiko ulikuwa wa Barafu, ule wa kulalia upande mmoja, ninaoujua kuliko ninavyoujua wangu. Aliandika hivi kwa wino wa bluu:

*Nahodha ameacha usukani. Ameshuka kwenye sayari ya Gavana, ameolewa naye, amepewa nyumba yenye madirisha arobaini. Hakugeuka nyuma.*

Nilikuwa nimeyasoma mara tatu. Ndoa haikuniuma, wala madirisha arobaini. Kilichonichoma ni yale maneno mawili ya mwisho. Hakugeuka nyuma! Mimi, ambaye kila Jumamosi nikitoka hapa hugeuka mara mbili kabla ya kufika kona, na yeye anajua, kwa sababu kila nikigeuka namkuta bado amesimama mlangoni.

Asiyetujua atashangaa watu wazima wanne kugombana juu ya mambo ya angani. Huyu Kinyozi ana kibanda chake cha kunyolea. Mwalimu anafundisha hesabu, na wanafunzi wake wanamwogopa kuliko mitihani. Mimi ni wa maabara ya hospitali, napima damu za watu kuanzia asubuhi. Barafu anatengeneza majokofu, ndiyo maana anaitwa hivyo, na chumba tunachokutania ni karakana ya mama yake, mshonaji. Mama akishahamia na cherehani yake chumba cha mbele Jumamosi saa saba mchana, meza ni yetu hadi jioni.

Hapo ndipo tulipoutunga mchezo wetu, Ng'ambo ya Jua. Hatukuununua wala kuuiga popote. Kifungo kikubwa cha koti ndilo jua, vifungo vya shati ni sayari, pini zenye vichwa vya rangi ni vyombo vya angani, na umbali tunaupima kwa futi ya mshonaji: inchi moja ni mwaka mmoja wa safari. Kila mtu ana mhusika wake. Mwalimu ni daktari mwenye roboti, Kinyozi ni tapeli mwenye sauti saba, mimi ni Nahodha. Barafu ni Msimulizi. Yeye ndiye dhoruba, ndiye maadui, ndiye kila mgeni tunayekutana naye gizani. Anatueleza tunachokiona, kisha anamgeukia mmoja wetu na kuuliza, "Unafanya nini?" Ukishajibu, dadu zinaamua kama umeweza.

Nitasema ukweli: swali hilo ndilo lililonimaliza. Nilizaliwa katika nyumba ambayo maswali yote huishia kwa baba na majibu yote huanzia kwake. Shule alichagua yeye, kazi alitafuta yeye, hata rangi ya pazia la chumba changu ni uamuzi wake. Halafu Jumamosi moja, miaka miwili iliyopita, kijana mwenye vidole vilivyopasuka kwa baridi ya mitambo aliniinamia juu ya meza hii, akanitazama machoni na kusema, "Nahodha, unafanya nini?" Kisha akanyamaza, akasubiri. Alisubiri kweli! Nilichelewa kujibu kwa sababu sikuwa nimezoea kusubiriwa.

Na leo mtu huyohuyo ndiye aliyenijibia.

"Ni mimi," alisema Barafu hatimaye, akitoka chini ya meza. Hakuwa na kifungo chochote mkononi.

"Sheria ya kwanza ya kitabu chetu inasemaje?"

"Nahodha..."

"Inasemaje?"

Mwalimu alijibu kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi wake mwenyewe. "Mhusika ni wa mchezaji wake."

"Tuliiandika lini?"

"Siku Kinyozi alipoiuza roboti yangu nikiwa chooni."

"Nilipata bei nzuri," alisema Kinyozi.

"Nyamaza!" tulimwambia sote watatu, akanyamaza.

"Na ya pili?" Nilimkazia Barafu macho. "Hiyo uliitunga wewe. Ulisimama papo hapo ulipo, ukasema wewe ni mtu wa majokofu, unajua baridi inahifadhi. Isome."

Hakuhitaji kuisoma. "Mchezaji asipokuwepo, mhusika wake analala usingizi wa barafu. Hafi, hauzwi..." Akaligusa daftari. "Haolewi."

"Hata hilo 'haolewi' uliliongeza wewe. Tulicheka siku ile. Sasa niambie, Barafu, kwa nini ulinitoa kwenye barafu ukaniozesha?"

Uso wake ulibadilika. Aibu iliyokuwepo ilikaa pembeni, na nyuma yake ikajitokeza hasira, hasira iliyokomaa, ambayo sikuwa nimewahi kuiona kwake.

"Kwa sababu ilikuwa kweli," alisema. "Au si kweli? Jumamosi iliyopita saa nane mchana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani kwetu."

"Na nani?"

Kinyozi alikohoa.

"Nahodha, usinikasirikie," alisema Kinyozi. "Alikuja kunyolewa kwangu. Mhandisi wa barabara, ana kichwa kirefu hivi. Akaniambia, nipunguze pembeni, leo naenda na wazee kwa watu wangu, nikapewe mke. Nikamuuliza kwa nani. Akanitajia nyumba yenu. Mkono wangu uliteleza, nikamharibia kisogo. Hilo nilifanya kwa ajili yako."

"Ukamkimbilia Barafu."

"Ni rafiki yangu! Ningefanyaje?"

Nilimgeukia Barafu. "Kwa hiyo ulijua. Ulinipigia simu?"

"Nilipiga."

"Mara ngapi?"

Akatazama vifungo mezani.

"Mara ngapi, Barafu?"

"Mara moja. Hukupokea."

"Mara moja!" Nilihisi masikio yanapata moto. "Jokofu la mtu likigoma unalirudia hata siku tatu. Mimi mara moja! Nilikuwa nimekalishwa sebuleni katikati ya shangazi wawili, simu iko chumbani. Wewe ukaona hiyo inatosha, ukafungua daftari, ukanipeleka kwa Gavana!"

"Nilikuwa na hasira."

"Hasira za nini? Nilikufanyia nini?"

"Hukuniambia kwamba anakuja!"

"Niliambiwa asubuhi ileile! Baba hatoi taarifa, anatoa maagizo. Unajua."

"Ndiyo, najua," alisema, na sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Namjua baba yako kuliko unavyodhani. Jokofu lenu lililoharibika mwaka jana, unakumbuka nani alilitengeneza?"

"Fundi. Mimi nilikuwa kazini."

"Fundi!" Alijipiga kifua kwa kidole. "Ni mimi. Nilipigiwa simu nikaja, sikujua ni kwenu hadi nilipoiona picha yako ya mahafali ukutani. Niliitazama. Labda niliitazama zaidi ya inavyotakiwa. Baba yako akaniuliza, unamfahamu? Nikasema ndiyo, mzee, ni rafiki yangu, tunatunga mchezo pamoja. Akanitazama kuanzia viatuni. Akasema, 'Jokofu limepona, kijana. Humu ndani huna kazi nyingine. Ukitoka, pita hukohuko ulikopitia, mlango wa jikoni.'"

Mwalimu aliacha kupanga dadu.

"Hukuniambia," nilisema.

"Ningekuambia nini? Kwamba nilitolewa kwenu kama taka?"

"Ndiyo! Hivyohivyo! Mwaka mzima nakuuliza, utakuja lini kuzungumza na baba, na wewe unaniambia subiri kwanza kitabu kiishe, subiri Mwalimu amalize hesabu za dhoruba, subiri hiki, subiri kile. Nikadhani hunitaki vya kutosha. Nimelala na wazo hilo mwaka mzima, Barafu, na wewe ulikuwa na jibu mfukoni."

"Nilitaka nije nikiwa mtu."

"Ulikuwa nini siku zote hizo, mkebe?"

Kinyozi alicheka, kisha akaugeuza ule mcheko kuwa kikohozi. Mimi sikucheka. Machozi yalikuwa yamefika, na mimi nikilia kwa hasira hujichukia, kwa hiyo hasira huongezeka.

"Sasa nikwambie kilichotokea saa nane," nilisema. "Saa ile uliyoshika kalamu yako. Wazee wa yule mhandisi walisema yao. Baba akasema, sisi tumeridhika. Shangazi mmoja akaanza vigelegele. Nikasimama. Sijawahi kusimama mbele ya baba yangu kumpinga, hata nilipokuwa na miaka saba. Nikasema, samahanini wazee wangu, mimi nina mtu. Baba akauliza, mtu gani, mbona sijawahi kumwona? Nikasema utamwona. Jumamosi ijayo saa kumi atakuja. Nilitoa ahadi kwa niaba yako, Barafu! Mbele ya wageni! Baba akasema sawa, saa kumi na dakika moja nitawapa watu hawa jibu langu. Nimebeba jambo hilo wiki nzima, nikasema nisikwambie kwa simu, nitakwambia uso kwa uso, nione unavyofurahi. Nimekuja leo nikikimbia. Nakuta daftari."

Nililisukuma likateleza mezani, likasomba jua, sayari na pini zote hadi sakafuni.

"Wakati mimi nasimama kwa ajili yako," nilisema, "wewe ulikuwa unaandika kwamba sikugeuka nyuma."

Vifungo viliendelea kubiringika kwa muda mrefu. Kimoja kilifika hadi miguuni kwa Mama, aliyekuwa ameingia kutoka chumba cha mbele bila sisi kumsikia. Mkononi alibeba koti la kijivu, lile alilokuwa akimshonea mwanawe tangu mwaka jana, ambalo haliishi kwa sababu wateja hawaishi.

"Shikamoo, mama," nilisema, nikijifuta uso.

"Marahaba, mwanangu. Nani kamwaga vifungo vyangu?"

"Mimi, mama."

"Basi kuna sababu." Akamgeukia mwanawe. "Baba, huyu mtoto wa watu ulimwuliza, au ulimwandika tu?"

Mama aliguna, akalitundika koti kwenye kiti na kurudi zake mbele. Dakika moja baadaye tulisikia cherehani ikikimbia kwa kasi kuliko kawaida.

"Tunaweza kurekebisha," Mwalimu alisema kwa upole. "Wino haufutwi, ni sheria, lakini Nahodha anaweza kurusha dadu kuikana ndoa. Nimepiga hesabu. Akipata kuanzia tisa..."

"Sirushi dadu kwa ajili ya maisha yangu," nilisema.

"Ni maisha ya mhusika."

"Mwalimu, wewe unaona ni ya mhusika?"

Akaniangalia, akazirudisha dadu kwenye mfuko wake.

Nilivuta kiti changu. Ni kiti cha mbao chenye mto mwekundu, na mto wenyewe nilishona mimi, vibaya. Nilikaa. Nilitaka kuondoka, lakini kiti kile kilikuwa changu na nisingekiacha kikiwa na mambo ya mtu mwingine juu yake.

"Ni zamu yangu," nilisema. "Andikeni. Nahodha hakushuka kwa Gavana. Alikuwa amelala kwenye barafu, kama sheria inavyosema. Kilichoshuka ni vazi lake la angani, tupu, ndani hamna mtu. Gavana hakufungua hata kofia ya chuma kutazama. Ameoa nguo."

"Ameoa nguo!" Kinyozi alipiga meza. "Yuko kwenye madirisha yake arobaini na nguo!"

"Na Msimulizi pia hakutazama ndani," niliendelea. "Sasa Nahodha ameamka. Amesimama kwenye mlango wa chombo. Mlango unafungwa saa kumi, ukifungwa haufunguki tena. Kuna mtu mmoja bado yuko nje." Nikainua macho. Yalikutana na ya Barafu, na licha ya yote, kifua changu kilifanya kile ambacho hufanya kila nikikutana nayo. Nilikichukia kwa hilo. "Barafu, unafanya nini?"

Mkono wake ulizifuata dadu.

"Sikuziuliza dadu. Nimekuuliza wewe."

Alifungua mdomo. Nilisubiri, kama alivyonifundisha. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika ishirini. Alitazama vidole vyake, akatazama lile koti, akatazama mlango. Nilimsubiri hadi nikasikia cherehani ya chumba cha mbele imesimama.

Nilichukua mkoba wangu nikatoka. Nilipofika kona sikugeuka. Ilikuwa mara ya kwanza, na shingo iliniuma kwa kujizuia.

*

Nyumbani baba alikuwa amevaa kanzu ya heshima, amekaa akiielekea saa. Mama yangu alinipokea mlangoni, akanitazama usoni, akanivuta jikoni.

"Anakuja?"

"Sijui, mama."

"Umemgombeza?"

"Sana."

"Alistahili?"

"Sana."

"Basi nawa uso," alisema. "Mengine tutaona."

Saa kumi kasoro dakika tano. Nilikaa kwenye kochi la pembeni, mikono mapajani. Baba hakuniambia kitu. Alikuwa ameiweka simu yake mezani mbele yake, na nilijua namba ya nani iko tayari. Nilimtazama mzee yule niliyempenda na kumwogopa maisha yangu yote, na hasira iliyokuwa imebaki kwa Barafu ikagawanyika sawasawa, nusu yake ikamwendea yeye. Mmoja alimfukuza mtu wangu jokofu lilipopona, mwingine aliniozesha kwa kalamu. Wote wawili hawakuniuliza.

Saa kumi kasoro dakika moja, mlango uligongwa.

Mlango wa mbele.

Baba aliamka mwenyewe kufungua. Pale kizingitini alisimama Barafu, akihema kama mtu aliyekimbia njia nzima. Alikuwa amevaa koti la kijivu. Halikuwa limeisha. Nyuzi nyeupe za bandi, zile za kushikizia nguo kabla ya kupigwa cherehani, zilikuwa bado zinaonekana mabegani na kwenye mikono, na pini moja yenye kichwa chekundu iling'ang'ania ukosi. Mikononi hakuwa na kitu. Sanduku la vifaa aliliacha kwao.

"Shikamoo, mzee."

Baba alichelewa kuitikia. "Marahaba." Akamtazama kuanzia viatuni, polepole, hadi kwenye ile pini. "Hatujaita fundi."

"Najua, mzee. Leo sijaja kwa jokofu."

"Umekosea mlango?"

"Mara ile ndiyo nilikosea, mzee. Nilikubali kutoka kwa mlango wa nyuma bila kusema lililokuwa moyoni. Leo nimekuja kwa huu."

Mama yangu alitokeza kichwa kutoka jikoni. Baba akasogea kando kidogo tu, kiasi cha mtu mwembamba kupita. Barafu alipita. Hakukaa kwa sababu hakuna aliyemkaribisha kiti. Hakunitazama. Nilijua anaogopa akinitazama ujasiri utamwagika kama vile vifungo.

"Wewe ndiye huyo mtu?" aliuliza baba.

"Ni mimi, mzee."

"Fundi wa majokofu. Mcheza michezo."

"Vyote viwili, mzee. Majokofu nayatengeneza vizuri. Hata lako halijasumbua tena."

Ilikuwa kweli, na baba alijua ni kweli, na hilo lilimuudhi zaidi. "Unamtaka binti yangu?"

"Namtaka. Nampenda, mzee. Nilipaswa kulisema mwaka jana, mbele ya ile picha."

"Na unafikiri atakukubali? Mhandisi yuko tayari, ana nyumba. Unafikiri binti yangu atasemaje?"

Niliuona mdomo wake ukifunguka. Niliyaona maneno yakija, yale ambayo mwanaume yeyote angeyasema hapo: ananipenda, mzee, tumeahidiana, hawezi kukubali mwingine. Yote yangekuwa kweli. Nilikaza vidole kwenye magoti.

Barafu akafunga mdomo. Akapumua.

"Hilo sitalijibu mimi, mzee," alisema. "Wiki iliyopita nilimjibia, nikakosea vibaya, na hajanisamehe. Yupo hapa. Tumwulize."

Nililisikia jokofu likinguruma jikoni, taratibu, bila kasoro.

Baba aligeuka. Aligeuka mwili mzima, kama mtu anayetafuta kitu alichosahau mahali alipokiweka. Katika miaka yangu ishirini na sita sikumbuki siku ambayo aliwahi kunitazama vile, bila jibu tayari usoni.

"Haya," alisema, na sauti yake ilikuwa ngeni hata kwake mwenyewe. "Wewe unasemaje?"

Nikasimama. Nilimwendea Barafu, nikaichomoa ile pini nyekundu kwenye ukosi wake kabla haijamchoma, nikaishika kiganjani. Ndicho chombo changu mezani, chombo cha Nahodha. Sijui alikiokota saa ngapi sakafuni.

"Bado nina hasira naye, baba," nilisema. "Hasira nyingi, nadhani zitafika mwezi ujao."

Kwa mara ya kwanza Barafu akanitazama.

"Lakini ndiye huyu," nilisema. "Mpe kiti."